Tiramisu ya chokoleti: Kahawa ya Mbale, sukari ya Jinja, faida ya nani?

Na Mwandishi Wetu, Mbale

KAHAWA ya arabika inayolimwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon hushushwa Mbale kwa magunia ikiwa bado haijakaangwa. Sukari hutoka Kakira, nje kidogo ya Jinja, kwenye mashamba ya miwa yanayoonekana ukiwa njiani kwenda Iganga. Kakao ipo Buikwe, ng'ambo tu ya Mto Nile. Vanila hulimwa Mukono, kwenye barabara ile ile ya Jinja kwenda Kampala.

Mfanyabiashara anayepita Malaba, Busia au Lwakhakha anazijua bidhaa hizi kwa uzito na kwa bei ya gunia. Asichokijua mara nyingi ni kwamba zote nne huingia katika kikombe kimoja kidogo cha kitindamlo cha Kiitaliano kiitwacho tiramisu, ambacho katika miji yenye wageni kama Jinja huagizwa baada ya chakula na hulipiwa vizuri. Anayelipwa vizuri hapo ni aliyepika. Aliyebeba gunia alishalipwa bei ya gunia, na yakaishia hapo.

Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza tiramisu ya chokoleti nyumbani, kwa vitu vinavyopatikana kati ya Jinja na Mbale, bila kununua kopo la jibini kutoka Ulaya. Yanaeleza pia kipi katika kazi hii kinafaa kuvushwa mpakani na kipi hakifai kabisa.

Kitu chenyewe ni nini

Tiramisu ni neno la Kiitaliano lenye maana ya "nivute juu", yaani nichangamshe. Waitaliano wenyewe hubishana kuhusu asili yake, lakini wengi huitaja hoteli ya Le Beccherie katika mji wa Treviso, ambako kiliingia kwenye orodha ya vyakula mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hakipikwi kikiwa kimekamilika. Hupangwa tabaka kwa tabaka: biskuti nyepesi zilizochovywa kwenye kahawa kali, juu yake krimu nzito ya jibini, mayai na sukari, kisha biskuti tena na krimu tena. Mwisho hunyunyiziwa unga wa kakao, halafu huachwa kwenye ubaridi mpaka kishikane.

Ya chokoleti ni ndugu yake. Tofauti ni kwamba chokoleti huchanganywa ndani ya krimu yenyewe badala ya kunyunyiziwa juu tu.

Wapishi wengi leo hutia pombe ndani ya kahawa. Si lazima. Mapishi ya mwanzo ya Treviso yanajulikana kuwa hayakuwa na pombe, kwa hiyo mpishi wa Mbale mwenye wateja Waislamu, au anayepikia watoto, hapunguzi kitu akiiacha.

Ukiangalia gharama, vitu vitatu ndivyo vinavyopandisha bei: jibini laini liitwalo maskaponi, biskuti ndefu za Kiitaliano, na chokoleti nyeusi ya madukani. Vyote vitatu kwa kawaida huletwa kutoka nje ya Afrika Mashariki. Bidhaa za maziwa ni miongoni mwa zile zilizoingizwa kwenye kundi la ushuru wa asilimia 35, ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kuutoza Julai 2022 kwa bidhaa zitokazo nje ya jumuiya. Ongeza juu yake safari ya ndege au kontena la baridi, na utaelewa kwa nini kopo dogo lina bei kubwa.

Habari njema ni kwamba vyote vitatu vinaweza kutengenezwa jikoni.

Jibini: maziwa, moto na ndimu

Maskaponi si jibini la kufichwa ghalani miezi sita. Ni krimu iliyopashwa moto, ikagandishwa kwa tindikali, ikachujwa maji.

Unahitaji krimu mililita 700. Njia rahisi ni kununua krimu ya pakiti yenye mafuta asilimia 30 au zaidi. Njia nyingine ni kuitoa mwenyewe kwenye maziwa ya ng'ombe. Maziwa yenye mafuta asilimia nne yana gramu 40 za mafuta kwa kila lita, hivyo lita kumi zina gramu 400 hivi. Yaweke kwenye chombo kipana ndani ya friji usiku kucha bila kuyatikisa. Asubuhi engua malai yaliyopanda juu. Hutapata mafuta yote, lakini lita kumi zitakutosha. Maziwa yaliyobaki chini yachemshe. Ni ya chai au ya kugandisha mtindi, na yana thamani yake sokoni.

Mimina krimu yote kwenye sufuria na uipashe kwa moto mdogo, ukikoroga, mpaka ifikie nyuzi joto 85. Kama huna kipimajoto, ni pale inapotoa mvuke na viputo vidogo pembeni, kabla haijatokota. Hatua hii ni ya lazima kwa krimu ya maziwa mabichi, kwa sababu ndiyo inayoua vijidudu, vikiwemo vya ugonjwa wa brusela ambao huwapata wanywaji wa maziwa yasiyochemshwa.

Toa mililita 200 uweke pembeni; utazipiga baadaye. Kwenye mililita 500 zilizobaki tia kijiko kimoja kikubwa cha maji ya ndimu, koroga polepole kwa dakika tano hadi kumi juu ya moto mdogo. Itaanza kuwa nzito kama uji mwepesi na kushika mgongo wa mwiko. Ipua, iache ipoe, imimine kwenye kitambaa safi kilichotandazwa juu ya chujio, uiweke kwenye friji mpaka kesho yake. Maji yatachuruzika, na utabaki na jibini laini, jeupe, lenye utamu wa maziwa.

Biskuti: keki nyepesi iliyokaushwa

Biskuti za tiramisu ni keki ya mayai iliyookwa nyembamba na kukaushwa. Chukua mayai matatu, sukari gramu 90 na unga wa ngano gramu 90. Tenganisha ute na viini. Piga ute mpaka uumuke na kusimama, huku ukiongeza sukari kidogo kidogo. Ongeza viini, kisha chekecha unga juu yake na uchanganye kwa mkono mwepesi ili hewa isitoke. Hakuna hamira wala baking powder. Kinachoumua ni hewa ya mayai.

Tandaza kwenye trei iliyopakwa mafuta, unene wa kidole kimoja, na uoke kwa nyuzi joto 180 kwa dakika 12 hivi. Asiye na oveni atumie njia ambayo akina mama wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu: sufuria kubwa yenye mchanga chini, trei ndogo ndani, mfuniko wenye makaa juu. Moto wa chini uwe mdogo kuliko wa juu.

Keki ikiiva, ikate vipande virefu kama vidole na uvirudishe kwenye moto mdogo vikauke. Kipande kibichi kikichovywa kwenye kahawa husambaratika. Kilichokauka hunywa kahawa na bado hubaki kipande. Tena kikiwekwa kwenye mkebe mkavu wenye mfuniko, hukaa siku nyingi. Kumbuka jambo hili, tutalirudia tukifika mpakani.

Chokoleti: kinu na mchi vinatosha

Sehemu kubwa ya kakao ya Uganda hutoka Bundibugyo, upande wa magharibi, lakini hata upande huu wa Mto Nile na Busoga ipo. Nunua mbegu zilizochachushwa na kukaushwa sawasawa. Zina harufu ya siki kidogo na zikivunjwa ndani ni za kahawia. Mbegu ya rangi ya kijivu ndani haikuchachuka, na chokoleti yake itakuwa chungu na ya kukaba.

Zikaange kwa moto mdogo kwa dakika 20 hadi 30, ukigeuza kila mara kama unavyokaanga karanga, mpaka maganda yaanze kupasuka. Zimenye, pepeta maganda kwenye ungo, kisha zitwange kwenye kinu kilichopashwa joto. Mwanzoni utaona unga. Usiache. Karibu nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta, na ukiendelea kutwanga mafuta hayo yatatoka na unga utageuka rojo jeusi linalong'aa. Lichuje kama unataka laini zaidi, limimine kwenye sahani, liache ligande. Hiyo ndiyo chokoleti yako. Haitakuwa laini kama ya kiwandani, lakini ladha yake ni kali na ni ya kakao tupu.

Kahawa: iliyo mlangoni

Mbale haina sababu ya kutumia kahawa ya kopo. Chama cha ushirika cha Bugisu kiliundwa mwaka 1954 kwa ajili ya kahawa hii hii ya mlima ambao Wagisu huuita Masaba, na sifa yake imefika masoko ya mbali. Hata hivyo katika nyumba nyingi utakuta kopo la kahawa ya unga iliyosafiri kwenda na kurudi.

Nunua kahawa mbichi, ikaange kwenye kikaango kizito mpaka iwe kahawia iliyokolea, iache ipumzike siku moja, kisha itwange. Kwa mapishi haya tumia gramu 40, ambazo ni vijiko vikubwa vilivyojaa kama vinne au zaidi, kwa maji ya moto mililita 300. Acha itulie dakika tano, chuja, tia kijiko kimoja cha sukari, uiache ipoe kabisa.

Kukusanya

Sasa weka viini vya mayai matatu na sukari gramu 75 kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke. Maji yasiguse bakuli. Piga bila kusimama kwa dakika tano hadi nane mpaka mchanganyiko uwe mzito, wa manjano hafifu, na wa moto kiasi cha nyuzi joto 70 au zaidi kidogo. Ipua na uendelee kupiga mpaka upoe. Wapishi wengi huruka hatua hii na kutumia mayai mabichi. Usiwaige, sababu tutaiona hapa chini. Ute uliobaki utie kwenye rolex ya asubuhi.

Yeyusha gramu 80 za chokoleti yako katika maziwa ya moto mililita 100 yenye sukari gramu 60. Koroga mpaka ing'ae, iache ipoe.

Changanya jibini na viini. Piga zile mililita 200 za krimu zikiwa baridi sana mpaka zisimame, uziingize taratibu. Kama una vanila, huu ndio wakati wake: kwangua mbegu za nusu ganda moja. Gawa krimu hii sehemu mbili, na sehemu moja uichanganye na chokoleti.

Chukua vikombe kumi vidogo au trei moja. Chovya kipande cha biskuti kwenye kahawa, hesabu moja, mbili, toa. Panga chini. Weka krimu ya chokoleti. Panga biskuti tena, kisha krimu nyeupe. Juu parua chokoleti ngumu au nyunyiza unga wa kakao. Funika, weka kwenye friji kwa saa sita, au vizuri zaidi usiku mzima. Haraka haraka haina baraka: kikombe kilicholiwa baada ya saa moja ni keki iliyolowa, bado si tiramisu.

Hatari iliyo ndani ya kikombe

Mayai mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na krimu yenye sukari kidogo na maji mengi ni mahali pazuri pa wao kuzaliana. Ndiyo maana viini hupigwa juu ya mvuke, krimu hupashwa, na ute mbichi hautumiki humu.

Baada ya hapo ulinzi pekee ni baridi. Tiramisu ikae kwenye nyuzi joto nne au tano, na iliwe ndani ya siku mbili. Umeme ukikatika, friji iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kwa saa nne hivi. Zaidi ya hapo, hamishia vikombe kwenye sanduku la barafu. Kikombe kilichokaa juani kwenye kaunta kwa saa mbili kimwagwe, hata kama kinaonekana kizima. Mteja mmoja akiumwa tumbo, mtaa mzima utajua kabla ya jioni, na jina lililoharibika halina bei ya kulinunua tena.

Hesabu kabla ya kuuza

Anayetaka kuuza asianze na bei ya jirani, aanze na daftari. Andika maziwa, kakao, kahawa, sukari, mayai, unga, ndimu. Kisha andika vile vinavyosahaulika: mkaa, umeme au barafu, vikombe na vijiko, nauli ya boda boda, na saa zako za kazi, kwa sababu mapishi haya huchukua siku mbili.

Halafu gawa. Hapa ndipo wengi hupotea. Ukitengeneza vikombe kumi na kwa kawaida vikauzwa vinane, gharama igawe kwa vinane, si kwa kumi. Kwa mfano, kama gharama zote ni shilingi 40,000 za Uganda, kila kikombe kimekugharimu shilingi 5,000, si 4,000. Ukiuza 4,500 ukidhani una faida ya 500, unapoteza 500 kwa kila kikombe na unachoka bure. Kwa sababu hiyo ni afadhali kuanza kwa oda: harusi, sherehe ya kuzaliwa, hoteli ndogo inayojua ina wageni wangapi Jumamosi.

Nini kivuke, nini kibaki

Swali la msomaji wa Malaba litakuwa: je, naweza kuvusha biashara hii? Kikombe chenyewe, hapana. Foleni ya malori na joto la mchana vitakimaliza kabla hujafika dirishani. Maziwa, krimu na mayai nayo yanahitaji vibali vya mamlaka za mifugo na viwango, na historia inaonyesha kwamba hata kati ya wanachama wa jumuiya moja njia hii haijanyooka: mwanzoni mwa 2020 maziwa kutoka Uganda yalikamatwa Kenya na mvutano ukafika ngazi ya serikali.

Kinachosafiri ni vitu vikavu. Biskuti zilizokaushwa, chokoleti ngumu, vanila na kahawa iliyokaangwa havihitaji barafu. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa jumuiya, mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliotengenezwa ndani ya jumuiya na uliomo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hupewa mpakani cheti rahisi cha uasili na halipi ushuru wa forodha. Cheti hicho hakiondoi kodi nyingine wala ukaguzi wa afya na viwango. Kahawa ina sheria zake za pekee kwa anayeuza nje, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga mzigo. Katika vituo vya pamoja vya mpakani, kama kile cha Busia kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, maofisa wa pande zote mbili wapo mahali pamoja. Swali moja dirishani linaweza kukuokolea safari nzima.

Kwa hiyo mgawanyo ni huu: vitu vikavu vivuke mpaka, kikombe kipangwe mahali kitakapoliwa. Mtu wa Mbale akaange kahawa, mtu wa Jinja atwange kakao na kukausha biskuti, na mwenzao wa Bungoma au Eldoret mwenye friji na wateja achuje jibini lake kwa maziwa ya hapo hapo na kukamilisha kazi. Kila mmoja anauza kitu kilichokwisha kuongezwa thamani, na hakuna anayebeba krimu kwenye jua.

Anayetaka kujaribu aanze na nusu ya vipimo hivi, Ijumaa jioni, kwa ajili ya nyumba yake. Watoto wakimaliza vikombe kabla ya Jumapili, afungue daftari.